Akina Mama Watano Barabarani

Wapendwa akina mama, wengi wetu tunaijua pikipiki kwa upande mmoja tu. Tunapanda kiubavu, kanga tumeibana kwa magoti, kikapu mkononi, na macho tumeyafumba mpaka tufike sokoni. Kisha tunalipa, tunamwambia kijana, "Mwanangu, siku nyingine usikimbize hivyo," na tunamsahau hapo hapo. Sisi watano tunaosimulia hapa tulikuwa hivyo hivyo, isipokuwa wawili tu. Safari moja ya Mbwara ilitubadilisha, na tumeona si vema kuinyamazia.

Tujitambulishe kwanza, ila bila majina. Mmoja wetu ni muuguzi, naye ndiye anayeshika kalamu hii kwa niaba ya wenzake. Alijifunza pikipiki kazini, kwa sababu ya huduma ya mkoba: sanduku la chanjo lenye barafu halimngoji mtu atembee kwa miguu kilomita kumi na tano juani. Wa pili ni bibi shamba, anayezunguka kwa wakulima wa korosho na ufuta, na kwa pikipiki hapungui mwanamume yeyote. Wa tatu ni mama mchungaji. Wa nne ni mwalimu mstaafu, aliyewafundisha kusoma nusu ya vijana wa mtaani kwetu. Wa tano ni jirani yetu muuza vitumbua, Mwislamu, ambaye tumezikana na kuozeshana naye kwa miaka mingi. Yeye hakuwa anakwenda kwenye ibada yetu. Alikuwa anakwenda kumtazama binti yake aliyekaribia kujifungua, katika kitongoji kilicho ndani zaidi ya Mbwara, na njia yetu ilikuwa moja.

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 7 Machi 2025. Wengi wenu mnaijua siku hiyo: kila Ijumaa ya kwanza ya Machi akina mama wa makanisa mbalimbali duniani huomba pamoja. Mwaka huo ibada iliandaliwa na wanawake wa Visiwa vya Cook, huko bahari ya Pasifiki, kwa kuitegemea Zaburi ya 139. Sharika ndogo za kwetu Rufiji zilikubaliana kukutana Mbwara. Huku wakristo tu wachache, na makanisa yako mbali mbali. Ukisema "tukutane", umekwisha sema pia "tusafiri".

Pikipiki zilikuwa tatu. Muuguzi alimbeba mwalimu. Bibi shamba alimbeba mama mchungaji. Pikipiki ya tatu iliendeshwa na kijana wa bodaboda, naye alimbeba jirani yetu. Kijana huyo ni mtoto wa kuzaa wa mwalimu wetu. Hapo ndipo penye habari.

Mwalimu alikuwa hasemi na mwanawe. Tusiseme hawakusalimiana, asubuhi kijana alisema "Shikamoo, mama," na mama alijibu "Marahaba," kisha mlango ukafungwa. Mwalimu alikuwa ameweka akiba ya kiinua mgongo chake kwa ajili ya ada ya chuo ya kijana huyo. Kijana akasoma muhula mmoja, fedha ya muhula wa pili akaitanguliza kwa tajiri mmoja, akachukua pikipiki ya mkataba. Maana yake, kila wiki anapeleka hesabu mpaka deni liishe, ndipo pikipiki iwe yake. Mama yake alipogundua, alimwambia neno zito: "Umeninunulia jeneza lako kwa pesa yangu."

Msimlaumu haraka. Mwaka 2017, watu walipokuwa wanauawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, ngurumo ya pikipiki usiku ilikuwa ngurumo ya hofu. Wauaji walikuja nayo na kuondoka nayo, mpaka ikakatazwa kutembea usiku. Na muuguzi wetu amewapokea vijana wengi wodini, wameanguka bila kofia, mama zao wamekaa chini ukutani wamejitanda kanga. Mwalimu aliyajua hayo yote. Basi asubuhi ile alipoona mwanawe ndiye dereva wa tatu, alizunguka pikipiki zote, akapanda nyuma ya muuguzi, akatazama mbele.

Kabla ya kuondoka tulipatana masharti. La kwanza, kila kichwa na kofia yake ngumu, na mkanda ufungwe kidevuni, usining'inie kama mkufu. Tulikopa kofia mbili mtaani ili zitimie sita. La pili, kanga na baibui zikunjwe na kufungwa vizuri, maana mnyororo na tairi ya nyuma havina huruma na nguo. La tatu, msafara utakwenda kwa mwendo wa aliye mgeni, siyo kwa mwendo wa aliye hodari. Wa mbele asipotee machoni, na wa nyuma asimwache mtu. Kijana wa mwalimu ndiye aliyewekwa nyuma.

Tulitoka Ikwiriri kungali na ubaridi. Tulipofika daraja la Mkapa, mama mchungaji aliomba tusimame. Daraja lile lina urefu wa karibu kilomita moja, na lilifunguliwa mwaka 2003. Sisi wa makamo tunakumbuka kabla yake, pale Ndundu, tulipongoja kivuko kutwa nzima na pengine kulala kando ya mto, watoto wanalia kwa mbu. Tulitazama mto Rufiji chini yetu, mpana, rangi ya chai ya maziwa, na madungu ya wakulima kwa mbali yamesimama juu ya miguu yake katika mashamba ya mpunga. Mwaka 2024 mafuriko yalimeza mashamba kama yale, na watu wakahama na kuku zao. Mwaka ule mmoja baadaye mpunga ulikuwa kijani tena. Tukanyamaza kidogo, tukawasha.

Tulipofika Nyamwage tuliiacha lami, tukaingia njia za ndani.

Akina mama, tuseme ukweli: hapo ndipo raha ilipoanza, na hatukuitazamia. Njia za ndani za kwetu hazijui kunyooka. Inazunguka mkorosho wa fulani, inakwepa kichuguu, inashuka kwenye mkondo wa maji uliokauka, inapanda tena na kukutupa kwenye mchanga mweupe kama unga. Matawi ya mikorosho yameinama mpaka unapita umeinamisha kichwa kama unayeingia nyumba ya mkwe. Watoto walitoka mbio wakipiga kelele, "Akina mama wanaendesha! Akina mama wanaendesha!" Mama mchungaji, ambaye tangu Ikwiriri alikuwa amemkumbatia bibi shamba kama anayezama, alianza kucheka. Akacheka mpaka kofia ikamziba macho. Ilikuwa miaka mingi tangu tumwone amecheka vile, kwani mke wa mchungaji huchekea kwa kiasi.

Kwenye mchanga muuguzi alikaribia kuanguka mara mbili. Kijana akaja taratibu ubavuni, akasema kwa adabu, "Mama, usilitazame tairi, tazama mbali unakokwenda. Gia ya pili, mafuta yasipande wala kushuka. Na breki ya mbele usiiguse kabisa mchangani." Akafanya hivyo, na pikipiki ikatulia. Mbele zaidi, penye kona iliyofichwa na vichaka, kijana alitufundisha kupunguza mwendo kabla ya kuingia kona, siyo ukiwa ndani yake, na kupiga honi, kwa kuwa huwezi kujua ng'ombe au mwenzio anatokea wapi. Akasema pia tupunguze upepo kidogo kwenye matairi, na tutakaporudi kwenye lami tujaze tena. Mwalimu alisikia yote. Hakusema neno. Lakini muuguzi anasema alihisi mikono ya mwalimu kiunoni mwake imelegea kidogo.

Mwendo wa saa moja hivi baadaye tulipumzika chini ya mwembe. Jirani yetu hakunywa maji, kwa kuwa ilikuwa Ramadhani, nasi kwa heshima yake tulikunywa tukiwa tumempa mgongo. Akacheka, akasema, "Kunyweni, wenzangu, mimi nina mazoea. Ninachotaka ni kumwona mwanangu tu." Tulizungumza habari za simba waliosumbua Rufiji kati ya mwaka 2002 na 2004 na kuua watu wengi, jinsi tulivyofunga milango mapema na hakuna aliyethubutu kulala shambani. Bibi shamba akasema, "Leo simba wetu ni mwendo kasi." Tukacheka, ila mwalimu hakucheka.

Tulifika Mbwara salama. Kijana akaendelea na jirani yetu hadi kitongojini kwa binti yake, na sisi tukaingia ibadani. Ilikuwa ibada njema, nyimbo nyingi na chakula cha kutosha. Tulikuwa tunakosha sahani aliporudi, na tulijua kwa namna alivyozima injini kwamba kuna jambo.

Alimwendea mama yake kwanza, akasita, kisha akamgeukia muuguzi. "Mama, unaitwa. Yule dada ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Nesi wa zahanati anasema apelekwe hospitali."

Muuguzi na bibi shamba walikwenda naye mara moja, na mwalimu akashikilia kwamba naye atakwenda. Akapanda nyuma ya bibi shamba. Zahanatini tulimkuta nesi mwenzetu peke yake na wazazi wawili. Mmoja alikuwa karibu kabisa kujifungua, hawezi kuachwa. Wa pili alikuwa binti wa jirani yetu. Ilikuwa mimba yake ya tano, chupa ilikuwa imepasuka, na maji yaliyotoka yalikuwa ya kijani. Ninyi mliowahi kusikia tunavyofundisha kliniki mnajua maana yake: mtoto amejisaidia ndani, huenda amechoka, na hapo si mahali pa kungojea. Njia ilikuwa imefunguka sentimita sita. Nesi alikuwa amekwisha kuandika rufaa na kupiga namba 115, ile ya m-mama ambayo haina malipo, iliyotangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Gari lilikuwa njiani. Lakini daraja dogo la magogo la upande ule lilikuwa limechukuliwa na maji ya mwaka 2024, kingo zake zimebaki mwinuko mkali wa mchanga, na gari lisingevuka. Lingetungoja kwenye lami. Kati yetu na lami palikuwa na kilomita kama nane.

Tulifikiri kitanda cha kamba na wanaume wanne, kama walivyobebwa mama zetu. Kingechukua saa mbili na zaidi. Tulifikiri ampakie bibi shamba peke yake, lakini mwanamke mwenye uchungu hawezi kujishikilia. Ilibaki njia moja. Kijana aendeshe, mzazi akae katikati, muuguzi akae nyuma amshike.

Watatu juu ya pikipiki moja. Mishikaki. Muuguzi wetu amesimama mara nyingi mbele ya akina mama akisema kwamba mishikaki ni marufuku kwa sheria na ni hatari kwa maisha. Alisimama pale uani akiwa ameshika glavu, na anakiri kwamba alitamani mtu mwingine aamue. Akamwuliza kijana, "Utaweza?" Kijana hakujibu haraka kama vijana wanavyojibu. Alitazama njia, akamtazama mgonjwa, akasema, "Nitaweza nikienda kwa mguu. Nikiambiwa niwahi, sitaweza."

Jibu hilo ndilo lililotupa moyo.

Ndipo mwalimu alipofanya jambo ambalo hatutalisahau. Alivua kofia yake ngumu, akamvika mzazi, akamfunga mkanda taratibu kama anayemfunga mtoto wa chekechea kamba za viatu. Kisha akamgeukia mwanawe. Akaushika mkanda wa kidevuni mwake, akauvuta kuona kama umekaza. Ulikuwa umekaza. Akasema, "Nenda polepole, mwanangu." Kijana akasema, "Ndiyo, mama." Hayo tu.

Walipatana ishara. Uchungu ukija, muuguzi atamgusa kijana bega mara moja. Ukipita, atamgusa mara mbili. Basi ndivyo walivyokwenda. Akiguswa mara moja, kijana alisimamisha, akazima injini, akatia miguu yote miwili chini, akakaza mikono na kungoja kama mti. Yule dada alimng'ang'ania kiunoni, akaegemeza paji la uso mgongoni kwake, akapumua kama muuguzi alivyomwelekeza. Akiguswa mara mbili, aliwasha tena. Penye mkondo wa maji aliwaomba washuke, akaivusha pikipiki peke yake, akarudi, akamshika yule dada mkono wa pili wakapanda ukingo pamoja. Nyuma yao alifuata bibi shamba amembeba jirani yetu na mfuko wa kanga safi, kwa umbali ule wa vumbi kutulia, bila kuwapita na bila kuwaacha. Tulisimama mara kumi na nne. Kilomita nane zilitumaliza karibu saa nzima, na hapakuwa na mtu aliyesema "harakisha", hata mama mzazi mwenyewe, aliyekuwa nyuma anasali kimya kwa vidole kwa kuwa tasbihi aliisahau nyumbani.

Gari lilikuwapo. Waliingia, mlango ukafungwa. Kijana alikaa chini kando ya barabara, na bibi shamba anasema mikono yake ilikuwa inatetemeka hata hakuweza kushika chupa ya maji.

Mtoto alizaliwa jioni ile, wa kike. Hakulia mara moja. Wahudumu walimsafisha na kumsaidia kupumua, kisha akalia. Jirani yetu alikuwa kwenye benchi la nje adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa. Alifuturu kwa tende moja na maji, huku analia na kucheka, na muuguzi wetu mkristo amekaa kando yake anakula tende ya pili. Tuliokuwa Mbwara tulipigiwa simu usiku, tukaimba.

Jumamosi tulirudi. Pikipiki zilipangwa zile zile tatu. Mwalimu alitoka, akazizunguka kama alivyofanya asubuhi ya jana yake, akaenda akapanda nyuma ya mwanawe. Hakuna aliyesema neno. Muuguzi, aliyekuwa amerejea alfajiri, alijifanya anakagua tairi.

Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yamekwisha. Ada haikurudi, na mwalimu bado anaiona ile pesa katika ndoto zake. Deni la mkataba bado lipo. Lakini siku hizi kijana anakula kwa mama yake Jumapili, na mama anauliza, "Hesabu imefikia wapi?" Amekubali kulipa deni kwanza, kisha atafute mafunzo ya ufundi wa injini, kwa kuwa mkono anao. Mwalimu alituambia hivi: "Nilikuwa naiogopa pikipiki, nikamgeuza mwanangu kuwa pikipiki. Niliacha kumwona yeye." Kila mmoja wetu mwenye mtoto wa kiume alitazama chini.

Sasa maneno machache ya muuguzi, maana hawezi kuacha kufundisha. Watafiti waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi waliona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kama asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa kama asilimia 69. Kwa hiyo usione haya kumwambia dereva, "Kofia yangu iko wapi?" Panda kwa upande wa kushoto, kwa kuwa bomba la moshi la pikipiki nyingi za kwetu liko kulia. Ukiungua mguu, umwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Mtoto mdogo asikae mbele juu ya tangi. Mjamzito anayekaribia siku zake na anakaa mbali, asogee mapema kwa ndugu aliye karibu na kituo. Jirani yetu anasema laiti angemchukua binti yake wiki moja kabla. Namba 115 iandikeni ukutani, mahali hata mtoto wa shule ataiona. Na mishikaki isiwe mazoea. Tuliifanya siku moja, kwa mwendo wa mguu, kwa sababu njia nyingine ilikuwa mbaya zaidi, na hatutamani kuirudia.

Lakini liko na neno jingine, nalo si la hospitali. Sisi akina mama tunawaogopea watoto wetu kwa haki. Tumeona mengi. Ila woga ukikaa sana nyumbani, huota mizizi kama mgeni asiyeaga, ukaanza kujibu salamu badala yako. Yule kijana alikuwa anajua kupunguza mwendo kabla ya kona, anajua kungoja, anajua kusema "sitaweza" panapostahili. Mama yake alikuwa amemfundisha hayo yote kwa miaka ishirini. Ilikuwa imebaki apande nyuma yake ayaone.

Tumepatana sisi watano kwamba Machi haitapita tena bila msafara. Mama mchungaji sasa anajifunza kuendesha, uwanjani nyuma ya kanisa, saa kumi na moja jioni, jua likipoa. Ameanguka mara tatu. Mchungaji alikuja kutazama, akashika kichwa. Juzi tulimwona amebeba kofia mpya mkononi. Alimpa mkewe, akamfunga mkanda mwenyewe, akauvuta kuona kama umekaza.